Punje ya Rozari

Hakuna mtu katika Lubumbashi nzima anayejua habari za mchele wa Pasaka ya Wayahudi kunishinda mimi. Wale walionishinda wamekufa wote, hiyo ndiyo siri ya ushindi wangu, na mchele ninaouchagua siku hizi wajukuu wanautafuna pole pole, wakisikilizia mawe. Basi tuache sifa. Habari yenyewe ni ya Albertine, mke wa Faustin Kapya wa reli, na ni ya wakati mji ungali unaitwa Élisabethville: wazungu upande wao, sisi weusi cité, mtaa wetu, na katikati uwanja mtupu wa nyasi, ili mbu wetu wasiende kuwaamkia.

Albertine alifanya kazi kwa Nona Mazaltó. Wakati ule kazi ya nyumba za wazungu ilikuwa ya wanaume. Mwanaume alipika, mwanaume alifua, mwanaume alipiga pasi mpaka nguo za ndani za madamu, na hakuna aliyeona haya. Lakini Nona alikuwa mjane, na alisema mwanaume mmoja alimtosha, na huyo alishamzika. Akataka mwanamke. "Nona" katika lugha yao ni bibi, na mji mzima ulimwita hivyo, hata watu waliomzidi umri. Alitoka kisiwa kinachoitwa Rodi, mbali sana, kama Wayahudi wengi wa hapa, wenye maduka ya vitambaa na chumvi na samaki wakavu wa Kasenga. Wabeljiki waliwahesabu Wayahudi kuwa wazungu wenzao siku ya kulipa kodi. Siku ya karamu walisahau.

Sasa, Pasaka yao. Wanakumbuka jinsi Mungu alivyowatoa Misri. Walitoka mbio hata mkate haukupata nafasi ya kufura, kwa hiyo juma zima hawagusi mkate, wala unga wa ngano, wala kitu chochote kilichochachuka. Nyumba inafagiliwa mpaka mifuko ya makoti inageuzwa nje. Hapo ndipo watu wa Rodi wanapoachana na Wayahudi wengine: wao wanakula wali. Lakini wali kwa sharti. Mchele lazima uchaguliwe mara tatu, mchana, juu ya kitambaa cheupe, punje kwa punje, isije ikabaki hata ngano moja ndani. Mara tatu. Mbili na nusu haikubaliki.

Aliyechagua mchele wa sinagogi, ule wa karamu ya wote, wa wajane na wasafiri na vijana wasio na wake waliotoka migodi ya Kipushi na Jadotville, alikuwa Nona Mazaltó. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa cheo chake. Wanaume walikuwa na viti vya mbele na vitabu. Yeye alikuwa na sinia. Kila mwaka, kabla ya wali kupakuliwa, rabi alisimama akasema, "Mikono ya Nona ibarikiwe, na macho yake," watu wakaitika amina.

Macho yake! Macho ya Nona yalikuwa yamekufa. Ukungu mweupe uliyaingia kidogo kidogo, mwisho akabaki anajua mchana kwa joto la jua tu. Hakuna aliyelijua jambo hilo ila Albertine. Watu Nona aliwatambua kwa sauti, kwa mlio wa viatu, kwa harufu ya sabuni. Kwenda sinagogi alishika mkono wa Albertine mpaka mlangoni, eti kwa sababu ya magoti. Magoti yake yalikuwa mazima kama ya punda. Ni kwamba alikuwa na mtoto wake wa kiume aliyekaa Salisbury, mji wa mbali kusini, na mtoto huyo alikwisha kuapa: siku mama atakaposhindwa kuona, duka la mama litauzwa, naye atamchukua akae kwake.

"Kule nitakuwa kiti, Albertine," Nona alikuwa akisema. "Batanisogeza paka siku ya kufagia." Na 'paka' ya kwetu si mnyama, ni 'tu'.

Kwa hiyo mchele wa sinagogi ulichaguliwa na Albertine, mkatoliki, mke wa mtu wa reli, katika chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa. Nona alikaa kando yake akisikiliza. Ngano ikipatikana, Albertine aliidondosha kwenye kisosi, ikalia *ti*, na Nona akatikisa kichwa kukubali. Mwisho Nona alijitwisha beseni mwenyewe, gari la mtu wa sinagogi likamchukua, akamkabidhi Madame Djoya, mkubwa wa wamama wote wa pale. "Mara tatu," alimwambia, "kwa macho yangu." Akirudi nyumbani alinawa mikono muda mrefu, wala mikono haikuwa michafu.

Albertine yeye hakuona kosa katika hayo. Aliona ni sifa. Siku moja, sinia iko magotini, akachokoza:

"Nona, masista balitufundisha asema Mungu alichagula Wayahudi katikati ya bantu bote. Alibachagula namna gani? Na sinia?"

Nona alicheka mpaka jino la dhahabu likaonekana. "Ija," akasema, na hilo kwao ni 'binti yangu', "alituchagula, njo kweli. Lakini alichagula mara moja tu, akachoka. Angalia sasa mawe yenye ilibakia mu siye!" Akaanza kuyataja mawe hayo kwa majina, na la kwanza lilikuwa Madame Djoya.

Basi, mwaka mmoja Pasaka yao na Pasaka yetu zilikanyagana. Karamu yao iliangukia Ijumaa Kuu. Na mwaka huohuo misheni ilimchagua Albertine awe Véronique katika Njia ya Msalaba, yule mwanamke anayetoka katikati ya watu kumpangusa Yesu uso. Huwezi kujua ukubwa wa jambo hilo kama hukukaa cité wakati ule. Véronique alitazamwa na watu wote, naye hana maneno ya kusahau. Faustin alimnunulia kitambaa cheupe. Mwanamke aliyekuwa Véronique miaka yote iliyopita, Germaine Chomba, alimpongeza Albertine mbele ya watu, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni, "Ukichelewa kidogo tu, dada, miye niko tayari."

Mazoezi yalikuwa Alhamisi mchana. Mchele wa sinagogi nao ulikuwa Alhamisi.

Mchele wa mwaka ule ulikuja mbaya. Mwenye duka aliyeutoa sadaka aliutia katika gunia lililokuwa limebeba ngano, na ngano zilikuwa zimejificha kwenye mishono. Mara ya kwanza kuchagua, kisosi kililia kama bati la nyumba mvua inapoanza.

"Iko mingi mwaka huu," Nona akasema.

"Iko mingi, Nona."

"Angalia muzuri, ija. Pole pole. Jua ingali."

Jua lilikuwepo, ndiyo, lakini lilikuwa limekwisha kuvuka dirisha. Albertine alimaliza mara ya kwanza shingo ikimuuma. Akaanza ya pili. Alipofika kama robo, upepo ukaleta kengele ya misheni, na ndani ya kengele ile akasikia kabisa sauti ya Germaine: niko tayari, niko tayari.

Aliinua macho kwa Nona. Nona ameketi, mikono imekunjwa, uso umeelekea sinia kana kwamba anaona.

Sasa sikiliza alichofanya. Aliutikisa mchele uliobaki, akaupitisha vidole haraka haraka, ukatoa ule mlio wa mchele unaochaguliwa. Kisha akatoa ngano zilezile za mwanzo katika kisosi, akazidondosha tena. *Ti.* Akanyamaza. *Ti.* Nona akatikisa kichwa. Alipoona imepita, akafanya na mara ya tatu, na hiyo akaipa ngano moja tu, mwishoni kabisa, ili ionekane mchele umekuwa safi. Unaona akili ya mtu inavyofanya kazi vizuri pale isipotakiwa?

"Imeisha, Nona. Mara tatu."

Nona alipapasa mpaka akakipata kichwa chake, akambusu kwenye paji la uso. "Macho yako ibarikiwe," akasema.

Albertine alikimbia mpaka misheni, akawahi. Alimpangusa Yesu vizuri sana. Yesu mwenyewe, fundi wa viatu aitwaye Mukuka, alimwambia mkono wake ni mwepesi kuliko wa Germaine. Lakini usiku ule hakulala. Alijigeuza kitandani mpaka Faustin akauliza kama kunguni wamerudi.

"Lala," akamwambia. "Ni paka joto."

Kulikuwa na mvua.

Ijumaa Kuu asubuhi kanisa lilijaa mpaka nje. Wakati ule sala za siku ile padri alizisoma kwa Kilatini, na katekista Léonard alituambia kwa Kiswahili zinamhusu nani. Kila sala watu walipiga magoti. Kwa ajili ya Papa, magoti. Kwa ajili ya wagonjwa na wafungwa, magoti. Kisha Léonard akasema, "Sasa tunaombea Wayahudi wasio waaminifu," na kwa sala hiyo peke yake, kwa desturi ya zamani zile, hakuna aliyepiga goti. Wote tulijua. Tulibaki wima kama mahindi.

Wasio waaminifu. Albertine alilisikia neno hilo likipita juu ya vichwa vya watu, likizunguka kanisa, likitafuta mtu wa kumkalia. Akamwona Nona na mikono yake iliyokunjwa. Akasikia *ti*. Akajiuliza, kati ya mimi na yule bibi, ni nani asiye mwaminifu hapa? Kabla hajajibu, magoti yalikuwa yamekwisha kujibu. Alianguka chini, peke yake katika kanisa zima, *pu!*

Padri aligeuka. Germaine, nyuma yake, akainama: "Ee, Mama Véronique! Magoti imekuponyoka? Ao njo unatafuta feza?"

 Albertine aliinuka, akapita katikati ya watu na kitambaa chake kikwapani, akatoka. Njia ya Msalaba ilikuwa bado saa chache, na kila aliyemwona akitoka aliona vilevile Germaine akisogea nafasi moja mbele.

Aliuvuka uwanja wa nyasi akiwa hajala, kwa sababu ilikuwa siku ya kufunga. Njiani alitunga maneno. Nitamwambia Nona kweli, akasema. Nitapiga magoti, siku hii nimekwisha kuzoea. Nitasema Nona, nilikudanganya na ngano zilezile. Atanipiga kofi la hewani, atanikosa, tutacheka, tutauchagua upya. Lakini alipofika nyumbani kwa Nona alikuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia Nona amekwisha kuchukuliwa na gari, na beseni lake.

Akaenda sinagogi.

Nyuma ya sinagogi kulikuwa na ua na jiko la karamu. Wamama wa Rodi walikuwa wamejaa pale, mikono ya magauni imekunjwa, wengine wanakaanga samaki, wengine wanakata majani ya celeri, wote wanasema pamoja kwa Kispanyoli chao cha zamani. Iliwabidi wamalize kabla jua halijatua, kwa maana likitua ni Sabato na ni Pasaka, moto hauwashwi tena. Katikati yao, juu ya kiti chenye mto, alikaa Nona Mazaltó amevaa gauni lake la hariri nyeusi. Miguuni pake lilikuwapo beseni la mchele. Nyanya zilikuwa zinatokota tayari kuupokea, na Madame Djoya ameshika kikombe cha kuuchotea.

Sasa jifikirie wewe ni Albertine. Useme kweli mbele ya watu wote? Ukisema, "Sikuuchagua mara tatu," Madame Djoya atauliza, "Tangu lini wewe ndiwe unayeuchagua?" Na hapo Nona amekwisha, amekuwa kiti Salisbury. Unyamaze? Kikombe kimeingia katika mchele. Wale vijana wa migodini, ambao mwaka mzima wanakula lolote na wanajihesabia siku hii moja ya kula kama wazazi wao, watakula ngano, na watakayembariki ni Nona.

Kikombe kilikuwa kinainuka.

"Madame!" Albertine akapiga kelele. "Musipike! Punje ya rozari yangu imeanguka ndani!"

Ua lote likanyamaza. Hata samaki, nadhani, waliacha kulia katika mafuta.

"Punje ya nini?" Madame Djoya akauliza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye pete, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuliza bei.

"Ya rozari, Madame. Ya kusali. Jana nilikuwa nafagia kwa Nona, rozari ikakatika. Punje moja ikaruka mu beseni. Nilisahau kusema."

"Rozari ya Maria? Mu muchele ya Pasaka?"

"Kadogo tu, Madame. Keusi."

Mama mmoja akajipiga kifua, mwingine akaketi. Walipoanza tena kusema, walisema wote, na Albertine, ambaye miaka ile ameshika nusu ya lugha yao, alisikia jina la Musa, jina la rabi, na jina la Salisbury, sijui hili lilitafuta nini humo.  Uso wa Nona ulikuwa umeigeukia sauti ya Albertine, umetulia, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukigongwa na mgeni.

"Kuchagua," Madame Djoya akaamuru. "Wote. Sasa hivi. Mara tatu."

Wakatandika meza nje juani. Vitambaa vyeupe havikutosha. Albertine akakitoa kitambaa cha Véronique kikwapani, kipya, kimepigwa pasi, akakitandaza mbele yao. "Hiki ni safi, Madame," akasema. "Hakijapangusa mutu bado." Jambo hilo halikuwa kweli, kwa sababu ya mazoezi, lakini Mukuka alikuwa amenawa uso kwanza.

Wakauchagua. Lo, walivyouchagua! Vichwa kumi na zaidi vimeinama, vidole vinaenda. Albertine alisimama pembeni, mikono nyuma, roho imeanza kumtulia. Itatoka, akajiambia. Ngano itatoka, vijana watakula salama, na mimi nitaonekana mpumbavu aliyepoteza punje. Upumbavu nitaubeba. Upumbavu si mzito.

Ndipo mama mmoja mfupi, mwenye miwani, akasimama. Ameshika kitu kwa ncha za vidole. Hakikuwa cheusi. Alikidondosha katika sahani.

*Ti.*

"Ngano," akasema.

Kabla hajaketi, mwingine: *ti.* Kutoka mwisho wa meza: *ti.* Sahani ikazunguka mkono kwa mkono, na ilipofika kwa Madame Djoya hakuihesabu, aliiangalia tu. Kisha akamwangalia Nona.

Albertine pia alimwangalia, na alichokiona hakukisahau mpaka anazikwa. Nona alikuwa amesikia. Kila mlio ulimgusa uso kama tone la maji baridi. Yule bibi aliyeijua sauti ya kisosi kuliko mtu yeyote wa dunia hii alikuwa anaielewa jana yake, mlio kwa mlio: zipi zilikuwa ngano, na zipi zilikuwa Albertine.

"Nona," Madame Djoya akasema pole pole. "Ulituambia mara tatu."

"Mara tatu," Nona akajibu. Sauti ilikuwa imara.

"Kwa macho yako."

"Na ya nani ingine?"

"Ngano hii yote, basi, ilitoka wapi?"

 Albertine alifungua mdomo. Neno lilikuwa palepale juu ya ulimi, mimi, neno dogo, halina hata uzito wa punje. Lakini aliona akilitoa litatoka na jingine nyuma yake, macho, na hilo halikuwa lake kulitoa. Kwa hiyo alifunga mdomo, na akajichukia kwa kuufungua, na akajichukia kwa kuufunga.

Mara ya pili ikaisha. Mara ya tatu haikutoa ngano hata moja. Mchele ulikuwa sasa safi kweli, mchele safi kuliko wote uliopata kupikwa Élisabethville. Ila punje ya rozari haikuonekana.

"We mama," Madame Djoya akamwita Albertine. "Kuya hapa. Punje yako iko wapi?"

"Pengine iliruka kwingine, Madame."

"Pengine. Rozari yenyewe iko wapi?"

"Iko ku nyumba, Madame."

"Ijumaa Kuu, na weye unatoka misheni, rozari iko ku nyumba?"

Yule mama mfupi mwenye miwani alinyoosha kidole kimoja, bila ubaya wowote, akaonyesha kiuno cha Albertine. Mnyororo ulikuwa umening'inia nje ya mkunjo wa kitenge chake, na msalaba wake mdogo, unachezacheza juani.

Albertine aliitoa. Hakuna la kufanya. Aliitandaza juu ya viganja viwili mbele ya Madame Djoya, punje zote nyeusi zimefuatana, kumi na moja, kumi na moja, mnyororo mzima bila kiraka, bila pengo. Mtoto angeona. Akasubiri kofi, au kufukuzwa, au polisi, na moyoni akaviita vyote vije haraka.

Madame Djoya aliiangalia rozari. Kisha aliangalia sahani ya ngano. Kisha akamwangalia Albertine usoni, muda mrefu, kama mwenye duka anavyoangalia kitambaa juani kutafuta palipofifia, na akaweka kidole juu ya midomo yake mwenyewe: nyamaza. Hakuichukua rozari. Aliiacha palepale mikononi mwa Albertine, akageuka, akatembea mpaka kwenye kiti chenye mto, viatu vyake vikilia juu ya sementi. Wamama wote walisimama kumfuata kwa macho.

"Nona," akasema kwa upole ambao hakuna aliyeuzoea kwake, tena kwa Kiswahili, ili Albertine asikose hata neno moja. "Huyu mama anasema rozari yake ilikosa punje. Siye tunabishana. Benye banasema iko muzima, benye banasema ilikatika. Weye rabi anabariki macho yako kila mwaka. Angalia, utuambie. Kama iko muzima, huyu mama ni mwongo, nitamufukuza leo."

Akanyoosha mkono wake, kiganja juu, mpaka karibu na pua ya Nona.

Albertine alitaka kukohoa. Koo lilikuwa kavu kwa kufunga na kwa hofu, likatoa upepo tu.

Nona Mazaltó aliinama mbele. Aliyakunja macho kama watu wanavyoyakunja wanapotazama kitu kidogo sana. Akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akachukua muda wake, muda wa mtu aliyechagua mchele wa watu maisha yake yote na hapendi kuharakishwa. Kisha akaketi wima, akacheka kidogo, jino la dhahabu likaonekana.

"Mama huyu anasema kweli," akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Imekosa moja. Hapa, karibu na musalaba. Ninaona nafasi yake wazi kabisa. Mumekuwa vipofu?"

 Mkono wa Madame Djoya ulikuwa bado umenyooshwa mbele yake, juani, kiganja wazi, pete nne, na hakuna kitu kingine ndani.